Afande Aliyeomba Kuangaliwa

Watu wa Changamwe walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kituo chetu cha polisi kimepakana na barabara inayopitwa na malori ya mafuta na ya makontena mchana kutwa, na yeyote anayefanya kazi hapo hujifunza kunyamaza lori likipita na kuendelea likishapita. Yeye hakujifunza. Alizungumza tu, na lori likapita chini ya sauti yake. Ukisimama kwa muuza viazi karai, ng'ambo ya barabara, ungemsikia akimwambia konstebo wake, "Huyo mtu ana jina. Muulize jina," na muuza viazi angekukonyezea jicho na kusema, "Afande ameamka vizuri leo."

Afande ni neno la cheo, na kila askari huitwa hivyo na anayemhofia. Lakini mtaani kwetu lilikuwa lake peke yake. Alikuwa mkuu wa kituo, mwanamke wa kwanza niliyemwona katika kiti kile, mpana wa mabega, mwenye miwani aliyoining'iniza kifuani kwa kamba ya kiatu. Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Lafudhi yake ilisema bara. Zaidi ya hapo sijui. Nilipomwuliza, mara moja tu, alinijibu, "Mwalimu, wataka kunioza?"

Mimi nilikuwa, na bado ni, mwalimu wa shule ya msingi, na nimezoea kueleza jambo polepole ili wa nyuma asiachwe. Kwa hiyo naomba nieleze kwanza nilifikaje kituoni mwa Afande bila kukamatwa.

Shirika moja la haki za binadamu la hapa Mombasa lilikuwa limeshikana mikono na taasisi ya nchi moja ya Ulaya. Katika nchi hiyo, raia wa kawaida wana desturi ya kuingia vituo vya polisi bila taarifa, kuona waliofungiwa wanaishi vipi. Si mawakili wala wakubwa. Ni watu wa mtaa. Huingia seli, huzungumza na mahabusu askari wakiwa mbali, kisha huandika walichokiona. Wakubwa wa polisi wetu walikubali jambo hilo lijaribiwe katika vituo vichache vya nje ya kisiwa, huku Changamwe na kule Likoni na Kisauni, kwa sharti kwamba mkuu wa kituo mwenyewe aridhie. Wageni wetu wangekaa nasi miaka michache, watufunze walichojua, kisha waondoke.

Wakuu kadhaa walikataa kwa adabu. Walisema wana kazi nyingi. Afande alisikiliza maelezo yote akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua aliuliza swali moja.

"Mtakuja bila kunipigia simu?"

"Bila simu," tukamjibu sisi wakazi tulioitwa na shirika.

"Vizuri. Mkinipigia nitafagia."

Hivyo ndivyo kamati yetu ilivyoanza. Mwenyekiti alikuwa Mzee Shee, fundi cherehani aliyeshona kanzu za nusu ya mtaa na kukumbuka vipimo vya nusu nyingine. Pamoja naye tulikuwa mimi na wakazi wengine wachache. Na tangu siku ile ya kwanza lilitukaa rohoni swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu. Hakukuwa na sheria iliyomlazimisha mkuu wa kituo kutufungulia. Tulikuwa tukiingia kwa ridhaa ya mtu mmoja na kwa heshima ya wageni. Wageni wangeondoka. Afande naye angehamishwa, kama askari wote wanavyohamishwa. Siku hiyo mlango ungefungwa? Na ukifungwa, aliyemo ndani angebaki na nani?

Swali hilo lilimsumbua Afande kuliko lilivyotusumbua sisi. Nililijua hilo kwa tabia yake moja ambayo mwanzoni ilituudhi. Kila tulipofika kituoni, yeye aliondoka. Alivaa kofia yake, akavuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha chai na kuagiza chai ya maziwa ya moto katika jua la saa saba, akitupa mgongo.

"Afande yuwatukimbia," Mzee Shee alimwambia siku moja walipopishana langoni.

"Nimewaachia nyumba, Mzee. Msiibe mahabusu."

"Na wewe je? Mwenye nyumba hukaa na wageni."

"Nikikaa, vijana watawaonyesha mimi," alisema. "Nataka wajifunze kuwaonyesha kituo."

Alivuka barabara akisimamisha lori kwa kiganja. Mzee Shee alimtazama akaniambia, "Huyu mama, wallahi, yuwafanya mazoezi ya kutokuwapo." Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi.

Msidhani alikuwa mpole. Tulipochelewa alitugombeza kama watoto, na mimi, niliyezoea kugombeza, sikujua pa kuweka mikono yangu. Hakupenda kupigwa picha. Hakupenda semina za hoteli za pwani. Alisema hajawahi kuona hoteli yenye seli, basi watu watajifunza nini huko isipokuwa kula. Wageni wakahamishia mafunzo kituoni, uani, chini ya turubai, na tukajifunza haki za mtuhumiwa huku tukinusa harufu ya dizeli. Kama jambo lilielezwa kwa maneno marefu alimkatiza msemaji: "Mwambie konstebo anayeshika funguo. Akielewa yeye, mimi nimeelewa."

Na alikuwa amewahi kupiga watu. Hilo alilisema mwenyewe katika mafunzo hayo ya uani, mbele ya vijana wake, bila kuulizwa. "Nilipokuwa konstebo nilipiga. Nilifundishwa hivyo na nilikuwa hodari." Mmoja wa vijana akamwuliza ni nini kilichomfanya aache. Akajibu: "Nilimpiga mtu akakubali kosa, kisha mwenye kosa akajileta mwenyewe. Nikakaa na wote wawili kwa kaunta, sijui nimtazame nani." Sikumsikia tena akilitaja, wala kujitetea kwa hilo, wala kutaka asifiwe kwa kuacha.

Alikuwa mtu wa kanisa, lakini Ramadhani ilipoingia aliijua saa ya magharibi kuliko baadhi yetu tuliofunga. Aliziomba nyumba za jirani zilete uji na tende kwa mahabusu waliokuwa na saumu. Chakula kilipofika alikipanga kwenye kaunta, akasimama mlangoni ametega sikio, na adhana iliposikika tu aligeuka na kusema, "Haya, mmeruhusiwa," kama kwamba ruhusa ilikuwa yake kuitoa.

"Hata jua lasubiri amri ya Afande," Mzee Shee alisema.

"Jua si la Changamwe peke yake, Mzee. Kunywa uji."

Sasa nije kwenye siku ambayo wengi wetu tunaitaja tukimtaja Afande. Mmoja wa wageni, bwana mrefu mwenye mvi ambaye huko kwao alikuwa mkaguzi wa seli wa kujitolea, alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kitabuni, na tulimpenda kwa hilo. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kutuonyesha jinsi mkaguzi anavyouliza. Tuliingia naye seli. Alisimama mbele ya mahabusu akiwa na karatasi yake ya maswali na kalamu, akawaamkia kwa heshima, kisha akauliza.

"Hali zenu?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Mnatendewa vizuri?"

"Vizuri, bwana, twashukuru."

"Chakula?"

"Twashukuru Mungu."

Aliandika. Akamwuliza kila mmoja peke yake, na kila mmoja akajibu hivyo hivyo. Kisha akaenda kumwita Afande kutoka kwenye chai yake, na mbele yetu sote akampa mkono. Alisema ameona vituo vingi katika nchi nyingi, lakini hakuwahi kuona seli isiyo na lalamiko hata moja.

Mkuu mwingine yeyote angeagiza soda. Afande aliichukua ile karatasi, akavaa miwani yake ya kamba ya kiatu, akasoma mpaka chini. Kisha akatugeukia sisi wa kamati.

"Mzee Shee, wewe ni mtu wa hapa. Hukumwambia?"

Mzee Shee alikuna kidevu. "Nilijua. Lakini mgeni humkatizi maneno."

Afande akamgeukia mgeni. Na sauti yake ile, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ilishuka. "Bwana, hizi ulizoandika ni salamu."

Mgeni hakuelewa, na hakuwa na kosa. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu njema. Ana homa, njema. Amefiwa jana, njema, tunashukuru. Ubaya hauletwi mlangoni. Anayeuliza na anayejibu wanajua wote kwamba hapo hawajaanza kuzungumza. Watapitia habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua, na baadaye kabisa, kama aliyeuliza bado hajaondoka, lile jambo lenyewe litatoka. Sisi tuliokulia hapa hatukuwahi kufikiri kwamba hilo linahitaji kuelezwa. Ndiyo maana wote tulisimama pale na kumtazama mgeni akiandika salamu, tukidhani anajua.

"Mimi nilipohamishiwa Pwani," Afande alimwambia, "nilimwuliza mama mmoja kwa kaunta, habari? Akasema nzuri. Nikamwambia basi nenda nyumbani. Alikuwa amekuja kuripoti kuchomewa nyumba." Mgeni akacheka, na Afande akacheka pia, lakini karatasi hakumrudishia. "Rudi. Hii niachie. Kaa chini, usisimame. Usiulize ya hapa mpaka wayalete wao."

Alirudi. Nilirudi naye. Bwana yule mrefu aliketi sakafuni, magoti yamemfika karibu na masikio, akawauliza watu makwao. Huyu wa Miritini, huyu dereva wa kutoka Busia, huyu mpakuzi wa magunia kwenye ghala jirani, jina lake Kahindi, watu wake wako Kaloleni. Wakaongea juu ya mihogo. Wakaongea juu ya bibi yake Kahindi, ambaye alikuwa hodari wa kupanda mnazi hata alipozeeka, na mgeni akataka kujua mtu hupanda vipi mnazi, na Kahindi akanyoosha mkono kumwonyesha, na mkono ukakwama nusu ya njia.

"Hali njema," alisema, "lakini huu mkono..."

Akapandisha mkono wa shati. Kifundo kilikuwa kimevimba kama embe, na alama ya pingu imezama ndani ya nyama. Alikuwa amevuta mkono wa shati juu yake tangu asubuhi, na wote tulikuwa tumeuona mkono wa shati.

Afande alimpeleka hospitali mwenyewe, kwa gari la kituo. Koplo aliyezikaza pingu zile na kuziacha usiku kucha alifunguliwa mashtaka ya nidhamu, akaadhibiwa. Na katika ripoti ya vituo vyote vya mradi iliyopelekwa kwa wakubwa na kwa wageni, kituo cha Afande ndicho pekee kilichokuwa na jeraha. Vingine vyote vilikuwa na hali njema.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, nimtendee haki yule mgeni, maana ni rahisi katika hadithi kama hii kumfanya mtu wa mbali awe wa kuchekwa. Jioni ya siku ile tulikaa uani, na Mzee Shee akamwuliza kilichomfanya aache nyumba yake akaja kukaa sakafuni Changamwe. Alitueleza juu ya mji wake. Mtu mmoja aliokotwa barabarani akipepesuka, askari wakasema amelewa, wakamfungia. Walichungulia usiku mara kadhaa wakaandika kwamba amelala. Hakuwa amelewa, alikuwa mgonjwa, na kulipokucha alikuwa amekufa. "Alikuwa jirani yangu," alisema. "Ndipo watu wa mtaa wetu walipodai kuingia. Sikuja hapa kutoka nchi isiyo na doa. Nimekuja kwa sababu kwetu tulichelewa." Afande alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe. Kesho yake aliagiza kwamba askari wa zamu asichungulie tena kwa tundu la mlango. Aingie, amwite mtu kwa jina, asubiri ajibu.

Ndivyo ulivyokuwa ushirikiano wetu, kama nilivyouona mimi kwa macho yangu. Wao walileta wazo la mtu wa mtaa kuingia seli, na kifo cha jirani nyuma ya wazo hilo. Sisi tuliwapa habari za mnazi kwanza. Mgeni alibadilisha mafunzo yake yote. Mkaguzi aingie bila karatasi, akae, karatasi ije baadaye. Baadaye alituambia kwamba alifundisha hivyo katika nchi nyingine mbili za Afrika, na kwamba huko nako watu walitazamana na kusema, bila shaka, nani hajui hilo?

Ripoti ile ilisomwa katika mkutano wa wakubwa. Nilikuwapo, nimekaa nyuma. Mkubwa mmoja alimwuliza Afande kwa nini kituo chake tu ndicho chenye matatizo.

"Si chenye matatizo peke yake, bwana mkubwa," alisema. "Ni chenye kuulizwa vizuri peke yake."

Watu walicheka kidogo wakaacha. Vyeo vilipotangazwa, chake hakikuwamo. Wageni waliandika barua kumtetea, kwa nia njema, lakini barua za wageni zina uzito kwa mradi, hazina uzito kwa cheo cha mtu. Nilimwendea kumpa pole. Alikuwa kwenye kibanda chake cha chai.

"Pole ya nini, Mwalimu?"

"Ya cheo."

"Kaa. Kunywa chai." Nikakaa. Baada ya muda akasema, "Nilikihitaji. Nisikudanganye. Nilikihitaji sana." Na akaanza kuniuliza habari za shule yangu.

Mradi ulipokaribia mwisho, wageni walitaka kukiachia kituo kumbukumbu. Walitaja gari, walitaja kompyuta. Afande akawaambia wachukue askari wake waende kwao, wakaone vituo vyao, wakae na wakaguzi wao. Wageni walifurahi, wakaanza kuandika majina ya wakubwa.

"Wakubwa hapana," alisema Afande. "Wakubwa wamesafiri. Wapelekeni wanaoshika funguo."

Na jina la kwanza alilotoa lilikuwa la yule koplo wa pingu.

Hapo hata sisi tuliomheshimu tulipandisha sauti. Mzee Shee alisimama. "Afande, mwizi wa kuku wamtuma akajifunze kulinda banda?"

"Mzee, huyu Kahindi unayemtetea, koplo huyu alimwendea nyumbani Kaloleni?"

"Alimwendea. Alimwomba radhi. Twajua."

"Nani alimtuma?"

Hakuna aliyemtuma, na Mzee Shee akaketi.

"Nikimpeleka aliye mwema tayari," Afande alisema, "atarudi mwema vile vile. Nitakuwa nimefanya nini?"

Nakiri sikushawishika. Koplo alikwenda, akarudi, na kwa miezi kadhaa sikuona tofauti ila koti zito aliloleta ambalo hakuwa na pa kulivaa. Kisha alipanda akawa sajenti, akahamishiwa chuo kunakofunzwa makonstebo wapya, na tukasikia kwamba anawafundisha kazi ya seli. Hatukusikia zaidi. Wageni waliondoka wakiahidi kuandika, na waliandika. Mwaka uliofuata Afande naye alihamishwa, kisha akastaafu, akapanga nyumba Frere Town. Kituoni kikaja kikosi kingine, na baada yake kingine. Kila mkuu mpya alipofika, kamati yetu ilibisha hodi bila kujua kama itafunguliwa. Mmoja alitufungulia kwa furaha. Mmoja alitusubirisha juani wiki baada ya wiki, tukawa tunakaa langoni na kwenda nyumbani na kurudi, mpaka akachoka kutuona. Mzee Shee alifariki tukiwa bado tunaingia, Mungu amrehemu. Mwenyekiti sasa ni mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kituoni kwa ukaguzi wetu wa kawaida. Ukumbini palikuwa na benchi limejaa watu waliokuja kuona jamaa zao, na mwisho wa benchi, na leso mabegani na bakuli la kijani mapajani, alikaa Afande.

Nywele zilikuwa zimeota mvi zote. Miwani ilikuwa mipya, yenye mkufu wa kununuliwa. Nilimwendea, akanivuta mkono nikae nusu ya benchi.

"Jirani yangu ana mume dereva," aliniambia kwa sauti ya chini, kwa kadiri yake yeye. "Wamemleta hapa jana. Mke amejifungua juzi, hawezi kutoka. Nimekuja mimi."

"Umejitambulisha?"

"Nijitambulishe kwa nani?"

Nilitazama kaunta. Palikuwa na konstebo msichana, kijana sana, ametoka chuo cha makonstebo mwaka huu, mikono ya sare imemzidi. Hakuna hata askari mmoja aliyebaki wa enzi za Afande. Niliinuka nikaseme neno, maana kweli ilikuwa aibu, mama huyu kukaa pale akisubiri kama mtu wa njiani. Afande akanishika kanga yangu, akanirudisha chini.

"Nyamaza, Mwalimu. Kaa utazame."

Alisimama yeye, akaenda mpaka kaunta. "Binti," alisema, "nataka kumwona dereva mliyemleta jana. Nina haraka."

"Shikamoo, mama. Anaitwa nani?"

Afande akataja jina. Konstebo akatazama bakuli. "Nimeona chakula. Utaonja mbele yangu, halafu tutampa. Na utamwona mwenyewe, uzungumze naye. Mimi nitasimama kule mbali. Lakini kuna watu mbele yako."

"Na nikikwambia najuana na mkubwa wako?"

Nilijua anachofanya, na niliogopa kwa ajili ya yule msichana, kama ninavyomwogopea mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Konstebo alitazama watu wa benchi.

"Basi ukimwona umsalimie, mama. Rudi kwa benchi, nitakuita."

Afande alirudi. Aliketi, akaweka bakuli mapajani, akalifunika vizuri na ncha ya leso. Lori lilipita nje, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisubiri lipite. Kisha akaniuliza kama bado tunaingia seli bila kupiga simu. Nikamwambia tunaingia, na kwamba nimekuja kwa kazi hiyo hiyo.

"Basi nenda," alisema. "Hapa unanibana."

Nilikwenda. Konstebo alinifungulia seli, akajitenga mpaka mwisho wa ukumbi kama inavyotakiwa, na mimi nikaketi na watu nikawauliza makwao. Nilipotoka, benchi lilikuwa limepungua. Konstebo alikuwa akirudisha funguo, akanisogelea.

"Mwalimu, yule mama ni nani? Naona anatutazama sana."

Niligeuka. Afande alikuwa ameniona. Alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kama anayefukuza nzi.

"Ni mama amekuja kuona mtu wake," nilisema.

"Sawa." Konstebo akanyoosha shingo juu ya kaunta. "Mama mwenye bakuli la kijani, zamu yako."

Na Afande akasimama, akajitanda leso vizuri, akaja.